Kumkagua Mbwa au Paka Wako Nyumbani

Mbwa wengi wa Lindi na Mtwara hufugwa kwa kazi: hulinda mashamba ya mikorosho na kufukuza nyani na nguruwe pori, na paka naye hutegemewa kupunguza panya ghalani. Kwa sababu hiyo mwenye mnyama humtazama kwa makini pale tu anaposhindwa kazi, na daktari wa mifugo humpokea akiwa hoi ilhali dalili zilikwisha kujitokeza siku kadhaa kabla. Ukaguzi mfupi wa kila wiki, unaofanywa mnyama akiwa mzima, humwezesha mwenyewe kuijua hali yake ya kawaida na kutambua mapema inapobadilika.

Ukaguzi huanza kwa macho, tena kwa mbali. Mbwa aliyebadilika tabia ghafla, anayeuma vitu ovyo, anayetokwa mate mengi au ambaye taya lake limelegea na sauti imebadilika, asiguswe, wala mtu asitie mkono kinywani mwake kwa kudhani amekwamwa na mfupa, kwani kichaa cha mbwa huambukizwa kwa mate. Mikoa hii miwili ilikuwa miongoni mwa mikoa ya kusini mashariki iliyofanyiwa kampeni za chanjo ya ugonjwa huo kuanzia mwaka 2010, lakini kampeni zilizopita hazimkingi mbwa aliyezaliwa baada yake, naye anahitaji chanjo yake mwenyewe. Mtu aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni mkwaruzo tu.

Mnyama asiye na dalili hizo akaguliwe akiwa ametulia kivulini. Hesabu pumzi zake kwa dakika moja akiwa amelala: mbwa mzima hupumua takriban mara 10 hadi 30, na paka hazidi sana 30. Mbwa huhema kwa ulimi nje wakati wa joto la Desemba, na hilo si ugonjwa. Paka anayehema kwa mdomo wazi akiwa amepumzika, hata hivyo, apelekwe kwa daktari bila kungoja.

Kisha inua mdomo wa juu utazame ufizi, ambao kwa maoni yangu hueleza mengi kuliko pua, ingawa watu wengi huamini pua yenye unyevu ndiyo ushahidi wa afya. Ufizi wenye afya una rangi ya waridi na unyevu. Ukiubonyeza kwa kidole hugeuka mweupe na kurudia rangi yake ndani ya sekunde 2. Baadhi ya mbwa wana ufizi mweusi tangu kuzaliwa, na hao watazamwe upande wa ndani wa kope la chini. Weupe huashiria upungufu wa damu, ambao huku kwetu mara nyingi hutokana na magonjwa yaenezwayo na kupe au, kwa watoto wa mbwa, na minyoo. Kwa hiyo pekua ndani ya masikio, shingoni, kwapani na katikati ya vidole. Kupe akamatwe kwa kibanio karibu kabisa na ngozi na kuvutwa taratibu, asipasuliwe kwa kucha. Msimu wa kupuliza salfa na viuatilifu kwenye mikorosho, angalia pia macho na manyoya, kwa kuwa mnyama hujilamba na kumeza kilichomwangukia.

Joto lipimwe kwa kipimajoto kilichopakwa mafuta na kuingizwa kidogo katika njia ya haja kubwa. Nyuzi 38 hadi 39.2 ni za kawaida. Mkono hauwezi kuamua, kwa sababu mbwa mzima ana joto kuliko binadamu.

Paka dume anayejikamua bila kupata mkojo, na mtoto wa mbwa anayeharisha damu, ni dharura za siku hiyohiyo. Usimpe mnyama dawa iliyobaki kabatini: parasetamoli humuua paka, na dawa za kupe za mbwa zenye permethrini humdhuru vilevile. Kama amekwisha kupewa chochote, pakiti yake ifike kwa daktari pamoja naye.