Kwa nini tunangoja kusifiwa ndipo tujipende?

Dada wa Mwanga, hapa Kigoma mjini, kashonesha kitenge kipya, kapiga picha, kaiweka WhatsApp. Watu chungu nzima wanamwambia kapendeza. Mmoja anaandika: "Rangi haijakukaa." Usiku, akiwa kitandani, lililobaki kichwani ni hilo la yule mmoja. Je, wajua kwa nini?

Mwaka 1995 mwanasaikolojia wa Marekani, Mark Leary, na wenzake walieleza kwamba hisia ya kujithamini ni kama geji ya mafuta ya gari: inatuonyesha tunakubalika kiasi gani kwa watu. Binadamu wa kale akitengwa na kundi lake alikuwa hatarini kufa, ndiyo maana geji hiyo hushtuka upesi. Mwaka 2003 Naomi Eisenberger na wenzake walipiga picha za ubongo wa watu waliokuwa wakicheza mchezo wa kurushiana mpira kwenye kompyuta. Wachezaji wenzao wakaacha kuwarushia. Hao "wenzao" walikuwa programu tu, hawakuwa watu. Hata hivyo, sehemu mojawapo ya ubongo iliyoamka ni ile inayohusika pia na maumivu ya mwili. Kwa hiyo anayeumia kwa kuachwa nje ya kamati ya harusi si mdhaifu, na tusimcheke.

Tatizo ni pale unapoifanya geji hiyo kuwa ndiyo wewe. Jennifer Crocker, aliyewachunguza wanafunzi wa chuo kikuu huko Marekani, alikuta kwamba walioegemeza thamani yao kwenye mambo ya nje, kama sura na sifa za watu, walisumbuliwa zaidi na msongo wa mawazo na migogoro. Inaeleweka. Sifa za jana hazikutoshi leo. Kila asubuhi unaanza kuzitafuta upya.

Mtu ni watu, na sisemi tujitenge. Kinachohitajika ni kuwa na kipimo chako mwenyewe. Kristin Neff, ambaye maandishi yake ya 2003 yalifungua utafiti wa huruma kwa nafsi, anashauri ujisemeshe kama unavyomsemesha rafiki aliyekwama. Mdogo wako akifeli mtihani wa kidato cha nne humwiti takataka. Unamketisha, unampa maji, unamuuliza sasa tunafanyaje. Nafsi yako nayo inastahili sauti hiyo hiyo, na naamini wengi wetu hatujawahi kuipa.

Kipimo kingine kiko mikononi, katika kazi unayoijua. Nenda mwalo wa Kibirizi, hapa hapa Kigoma, asubuhi, baada ya usiku wa giza ambao wavuvi wameingia ziwani na taa zao. Mama anayeanika dagaa haangalii uso wa mnunuzi ili ajue kama wamekauka. Anaokota mmoja, anamkunja: akipinda, bado; akikatika, tayari. Mnunuzi akilalamika wana mchanga, anawamwaga kwenye ungo akague; kama upo, anapepeta tena, maana hilo ni kosa linalorekebishika. Lakini mnunuzi huyo huyo akianza kumtukana, akamwita mchafu asiye na akili, pale hakuna cha kupepeta. Anamtajia bei yake ile ile na kumgeukia mteja anayefuata.