Meditesheni na yoga bila kuamini miujiza: maneno ya mtaani na ukweli wenyewe

Nimeona niandike hii kwa urefu kidogo maana maneno ni mengi mtaani na mengi hayajakaa sawa. Hapa Moshi na Arusha wapo watu wanaofanya meditesheni au yoga, wengine walijifunza kwa wageni wa mlimani, wengine kazini kwenye hoteli za kitalii, wengine YouTube tu na simu yao, na wengi ninaowajua hawaamini kabisa habari za kufa ukazaliwa tena ukiwa mtu mwingine, wala miungu ya Kihindi, wala nguvu inayopanda kwenye uti wa mgongo, wao asubuhi wanakaa kimya wanafuata pumzi basi, wakimaliza wanaenda kazini. Mimi ni mmoja wao, kazi yangu ni kupandisha wageni Kilimanjaro, na msimamo wangu nauweka wazi mapema: mazoezi haya unaweza kuyafanya bila kuamini nguvu yoyote isiyoonekana na yakakufaa, ila usije ukawadanganya watu kwamba mila yalikotoka hazina imani hizo. Zinazo, tena nyingi. Watu wanashika upande mmoja tu wa hili jambo ndo maana dhana potofu zinatoka kote kote, kwa wanaoogopa na kwa wanaoshabikia.

Dhana: "Ukiondoa mawazo yote kichwani unaacha mlango wazi, pepo wanaingia"

Hii naisikia kuliko zote. Kwenye vikao vya ukoo, msibani, baada ya ibada, mama zangu wadogo kule Marangu wananiambia kwa upendo kabisa na wananifungulia Mathayo 12, ile nyumba iliyokutwa tupu, imefagiwa na kupambwa, pepo aliyetoka akarudi na wenzake saba wabaya kuliko yeye. Nawaheshimu na sina haja ya kubishana nao kuhusu pepo, ila hapo kwenye "kuondoa mawazo yote" ndo pana kosa. Hamna anayekuambia uondoe. Maandiko ya zamani ya Wabuddha, yaani wafuasi wa mafundisho ya Buddha wa India, kuhusu zoezi hili yanataja mambo manne ya kuangalia: mwili, hisia kama ni tamu au chungu au si tamu si chungu, hali ya akili yenyewe, na mambo yanayopita ndani yake. Na mwanzo wake ni wa kawaida mno, mtu anakaa chini ya mti, akivuta pumzi ndefu anajua ni ndefu, akivuta fupi anajua ni fupi. Akili ikikimbilia ada ya shule au maneno uliyojibiwa jana na jirani, unaona kwamba imekimbia, unarudi kwenye pumzi, inakimbia tena unarudi tena, yaani kazi yote ni huko kurudi. Ukikaa hata mara moja utagundua kichwa hakiwi kitupu hata kidogo, kinajaa kuliko soko la Mbuyuni. Na kutumia pumzi kutulia sio kwa Waasia peke yao, watawa wa Kiorthodoksi wa mlima Athos kule Ugiriki wana mapokeo ya karne nyingi ya kurudia jina la Yesu taratibu wakifuatisha na pumzi.

Ila kuna hatari ya kweli, na hii mashabiki hawaisemi. Wapo watu wakikaa kwa muda mrefu, hasa kwenye zile kambi za kimya za siku nyingi, wanapata hofu kali, usingizi unakata, mambo mabaya waliyopitia utotoni yanarudi kama yanatokea leo. Mtafiti mmoja wa Chuo Kikuu cha Brown Marekani, Willoughby Britton, na wenzake wamekusanya ushuhuda wa watu wa namna hiyo, wakachapisha mwaka 2017, na waliohojiwa hawakuwa wanafunzi wapya tu, walikuwemo na walimu. Kwangu mimi hayo ni mambo ya akili na mwili, na yanatosha kumfanya mtu awe makini. Kama umepitia ajali mbaya au kipigo au vita, anza kwa dakika chache, fungua macho, mbona hata Wazen wa Japani, tawi moja la Wabuddha, wanakaa macho yakiwa nusu wazi, na ukiona hali inazidi acha, ukaongee na mtu wa afya ya akili.

Dhana mbili zinazogongana: "Buddha ni mungu wao" na "Ubuddha sio dini, ni sayansi tu"

Buddha, jina lake Siddhartha Gautama, alikuwa mtu, aliishi huko kaskazini ya India na Nepal karibu miaka 2,500 iliyopita, alifundisha, akazeeka, akafa. Yeye hakusema kaiumba dunia. Lakini sasa wale wenzangu wanaosema "hamna dini humo" nao waende wakaangalie Thailand au Sri Lanka, watu wanapeleka maua na chakula, wanaamini maisha yaliyopita, wanaamini viumbe wa mbinguni, na Japani kuna mamilioni wanaoita jina la Amitabha, Buddha mwingine wa mbinguni, wakitumaini kuzaliwa kwenye nchi yake safi. Hata Dar es Salaam kuna hekalu la Wabuddha lililoanzishwa na watu wa Sri Lanka enzi za ukoloni, kule mtu anasujudu, anaimba maandiko, ni ibada kamili. Kumwambia mtu wa hivyo kwamba anachofanya sio dini ni kumkosea adabu.

Na kitu ambacho wengi hawajui ni kwamba kwa karne nyingi sehemu kubwa ya Wabuddha wa kawaida hawakuwa wanakaa meditesheni, ilikuwa kazi ya watawa, na hata watawa sio wote. Mambo yalibadilika Burma, ambayo leo ni Myanmar. Waingereza walichukua Mandalay mwaka 1885, mfalme akapelekwa uhamishoni, watu wakaogopa dini yao itakufa kwa kukosa mlinzi, ndo mtawa Ledi Sayadaw akaanza kuwafundisha meditesheni wakulima na wafanyabiashara wenyewe moja kwa moja. Mnyororo huo ukafika kwa U Ba Khin, aliyekuwa mhasibu mkuu wa serikali ya Burma na akawa anafundisha hapo hapo ofisini, kwake akasoma S. N. Goenka, mfanyabiashara, aliyeipeleka India mwaka 1969 na baadae ikasambaa dunia nzima. Kwa upande mwingine Jon Kabat-Zinn, aliyefundishwa na walimu wa Zen, akaiingiza kwenye hospitali ya chuo kikuu huko Massachusetts mwaka 1979, kozi ya wiki kadhaa, bila ubani wala sanamu. Kwa hiyo mtu mwenye kazi na familia kukaa asubuhi kabla ya kutoka ni jambo jipya kiasi, na upya sio ubaya, ila usiniambie kila Mbuddha tangu zamani alikuwa anafanya hivo.

Dhana: "Kuitoa miujiza ni mambo ya Wazungu, Waasia wenyewe wanaamini yote"

Hapa naomba mnisikilize vizuri maana ndo sehemu inayonigusa zaidi.

India ya kale ilikuwa na watu wa Charvaka waliokataa waziwazi maisha baada ya kifo na thamani ya kafara, na falsafa ya Samkhya, ambayo yoga ya zamani imesimama juu yake, kwa sura yake iliyozoeleka haihitaji mungu muumba. Lakini mfano mkubwa ni wa juzi juzi tu. Bhimrao Ambedkar alizaliwa mwaka 1891 kwenye jamii ya wale walioitwa wasioguswa, tabaka la chini kabisa kule India, akasoma mpaka Marekani na Uingereza, akaja kuongoza kamati iliyoandika rasimu ya katiba ya India. Tarehe 14 Oktoba 1956, mji wa Nagpur, aliingia Ubuddha na watu wake laki kadhaa siku hiyo hiyo. Na Ubuddha wake alikuwa ameuchuja. Yale mafundisho kwamba mtu anazaliwa maskini na mnyonge kwa sababu ya dhambi za maisha yaliyopita aliyakataa kabisa, maana kwa vizazi na vizazi ndiyo yaliyotumika kuwaambia watu wake watulie, wanastahili, wasidai kitu. Kwake dini ilitakiwa ionekane kwenye haki na usawa hapa duniani. Alifariki Desemba mwaka huo huo.

Mimi nikisoma habari zake nafikiria kwetu. Ni watu wangapi hapa wameambiwa kuumwa kwa mtoto ni laana ya ukoo, kufeli biashara ni babu hajatulizwa, halafu wanatoa hela ya mwisho kwa mtu wa kuivunja hiyo laana, na aliyewadhulumu shamba yuko tu anatembea? Ambedkar hakuiga Mzungu yeyote, aliangalia imani ipi inamwinua mtu na ipi inamkandamiza, akachagua. Uchujaji huo ni wa Waasia wenyewe, na una uzito kuliko wangu mimi ninayekaa na pumzi kwa starehe yangu.

Dhana: "Ukitoa kuzaliwa tena, hakuna kinachobaki"

Kwenye maandiko kuna mtawa anaitwa Malunkyaputta, alimtishia Buddha kwamba asipomjibu kama dunia ni ya milele au la, na kama mtu aliyekamilika anaendelea kuwepo baada ya kufa au la, anaacha utawa. Akajibiwa kwa mfano wa mtu aliyechomwa mshale wa sumu halafu anakataa kutolewa mpaka ajue aliyempiga ni kabila gani, mrefu au mfupi, na upinde ni wa mti gani. Atakufa hajajua. Kinachobaki ni huo mshale: hasira, tamaa, hofu, jinsi zinavyoanza na jinsi zinavyoisha, na hayo unaweza kuyaangalia mwenyewe leo bila kuamini kitu. Hata karma, yaani matendo ya mtu na matunda yake, yapo maneno ya Buddha kwamba karma ni ile nia. Ukijizoeza kujibu kwa ukali utakuwa mtu mkali, hilo linaonekana ndani ya maisha haya haya.

Ila wapo watawa wasomi wanaosema lengo la njia nzima ni kutoka kwenye mzunguko wa kuzaliwa na kufa, na ukiutoa huo mzunguko umebadilisha lengo. Wana hoja. Nawakubalia kwamba ninachofanya mimi ni kitu kidogo kuliko chao, na sijiiti Mbuddha.

Ninachokataa ni mtu kubeba pumzi akaacha maadili. Mambo matano ya mwanzo kabisa ni usiue, usichukue usichopewa, usizini, usiseme uongo, usilewe ukapoteza akili, na hayo hayahitaji mungu wala pepo kuyaelewa. Kiongozi wa msafara anayekaa kimya saa nzima alfajiri halafu akishuka getini anakula tipu za wapagazi, huyo hajafanya kitu, na kutulia kwake kunamsaidia tu kulala vizuri na dhambi yake.

Yoga je, "kila mkao ni sala kwa mungu wa Kihindi"?

Fupi tu. Maandiko ya Patanjali, kitabu cha kale cha yoga, hayafiki mistari 200, na inayohusu kukaa ni kama mitatu. Mikao mingi ya kusimama tunayoiona leo ilipata sura yake kwenye karne ya 20, hasa kwa mwalimu Krishnamacharya huko Mysore miaka ya 1930, na ndani yake kuna mieleka ya Kihindi na jimnastiki. Kwa Mhindu aliye na imani yake ile salamu ya jua, mfululizo wa mikao ya yoga, inaweza kuwa ibada kweli, kwa hiyo kama dhamiri yako inasumbuka iruke, nyosha mgongo na miguu kwa namna nyingine, hamna atakayekudai.

"Lazima uache kanisa." Padre Mjesuiti Hugo Enomiya-Lassalle alikaa Zen Japani miaka mingi na akafa akiwa padre. Ila Vatikani ilitoa barua mwaka 1989 ikionya kuhusu kuchanganya njia za Mashariki na sala ya Kikristo, haikupiga marufuku yote, ilionya. Mkatoliki aisome barua yenyewe na aongee na padre wake, asitegemee watu kama mimi.

Na ile ya "inatibu kila kitu", presha, sukari, sonona

Mwaka 2014 jarida moja la madaktari Marekani lilichapisha mapitio ya majaribio 47 yenye watu zaidi ya 3,500. Walichokuta ni kwamba meditesheni inapunguza kwa kiasi wasiwasi, sonona na maumivu, sio kwa maajabu, kwa kiasi, na hawakupata ushahidi kwamba inashinda dawa au mazoezi ya mwili. Kwangu hiyo ni habari njema tosha. Lakini dawa za presha unaendelea kuzinywa, na ukitaka kupunguza daktari ndo anaamua.

Mlimani hili naliona kwa macho. Uhuru ni mita 5,895, mgandamizo wa hewa ni kama nusu ya ule wa pwani, na kuna wageni wanakuja na mbinu zao za pumzi wakidhani zitawavusha. Kupumua taratibu kunamsaidia mtu asipaniki na atembee pole pole, sawa, ila mwili ukishakataa urefu, pumzi haiutibu. Akianza kuyumba au kuongea maneno yasiyoeleweka pale Barafu, kambi ya kuanzia safari ya kileleni, anashushwa usiku huo huo, hata kama ni mwalimu wa yoga wa miaka ishirini.