Kivuli Kikipewa Maikrofoni: Jung ndani ya albamu za BTS

Kijana akiingia ofisini kwangu na kuniambia, kabla hata hajakaa vizuri, kwamba persona yake imemchosha, simwulizi neno hilo kalitoa wapi. Hakulitoa darasani. Kalitoa kwa BTS, kundi la muziki la Korea. Mimi ni mshauri nasaha niliyesomea saikolojia changanuzi, ule mkondo wa Carl Gustav Jung, na huwa naona wivu kidogo: watu wa makamo huwachukua vikao kadhaa kukielewa kitu ambacho binti wa kidato cha tatu anakuja nacho kichwani tayari, na biti yake juu.

Shida ni kwamba wengi wamelishika jambo lenyewe kombo. Wanadhani persona, ile sura tunayowaonyesha watu, ni uongo; kivuli, yale tunayoyaficha, ni ubaya; na ego, yule "mimi" tunayemjua, ni kiburi. Jung hakusema hivyo, na ukizisikiliza nyimbo zenyewe kwa makini, nazo hazisemi hivyo. Nazipitia hapa hasa kwa ajili ya wanaoandika mistari, maana mle ndani kuna ufundi wa kusimulia ambao unaweza kuuazima hata kama huipendi pop ya Korea.

Historia kwa ufupi. Tarehe 12 Aprili 2019 kundi hili la vijana saba wa Korea Kusini lilitoa Map of the Soul: Persona, na tarehe 21 Februari 2020 likafuatisha Map of the Soul: 7. Jina limetokana na kitabu cha mwaka 1998 cha Murray Stein, mchambuzi wa mkondo wa Jung anayeishi Uswisi, kinachomfafanua Jung kwa msomaji wa kawaida. Mzee wa watu alijikuta akiulizwa maswali na mashabiki wa muziki asioujua, akaishia kuandika vitabu vidogo kuhusu albamu hizo. Lakini Jung alikuwa ameshaingia nyumba hii kwa mlango wa uani. Albamu yao ya 2016, Wings, ilichota kwenye Demian, riwaya ya Hermann Hesse ya 1919, na Hesse aliiandika baada ya kuanza kutibiwa na Josef Lang, daktari aliyekuwa mwanafunzi wa Jung.

Kabla ya BTS wapo wanamuziki waliomgusa Jung. Uso wa Jung umo katika ule umati wa jalada la albamu ya Beatles, Sgt. Pepper's, 1967. Bendi ya The Police iliipa albamu yake ya 1983 jina la Synchronicity, dhana ya Jung kuhusu matukio yanayokutana kimaana bila moja kulisababisha lingine. Sawa, lakini uso jaladani ni pambo tu. BTS walifanya zaidi: walichukua sehemu tatu za nafsi, kila moja wakaipa mchanaji wake, kisha wakazipanga kwa zamu. RM anafungua na persona, Suga anasimama katikati na kivuli, J-Hope anafunga na ego. Mpangilio huo ndio hadithi yenyewe.

Persona, kwa Jung, ni maafikiano kati ya mtu na jamii yake: wao wanataka uwe nani, na wewe uko radhi kuwa nani. Daktari anayo, sheikh anayo, hata mama mkwe siku ya kupokea wageni anayo. Ni nguo ya kutokea, na hakuna anayemwita mwenzake mnafiki kwa sababu kavaa. Balaa huanza pale nguo inapogoma kuvuliwa, mtu akabaki cheo kitupu hata akiwa chumbani kwake. Muziki una mfano maarufu wa hilo. Mwaka 1972 mwanamuziki Mwingereza David Bowie alimuumba Ziggy Stardust, nyota wa roki mwenye nywele nyekundu. Tarehe 3 Julai 1973, katika ukumbi wa Hammersmith Odeon jijini London, alitangaza mbele ya watu kwamba hilo ndilo onyesho la mwisho. Baadaye alisimulia jinsi kiumbe huyo alivyomng'ang'ania kwa miaka hata baada ya kuzikwa jukwaani.

RM hafanyi mchezo wa kuivua barakoa. Katika Intro: Persona anajiuliza yeye ni nani, anasema ni swali aliloishi nalo na huenda asilipatie jibu, kisha anaanza kuzitaja nafsi zake moja moja: huyu anayejulikana na watu, huyu aliyemuunda mwenyewe ili apate pa kupumulia. Tayari mwezi Septemba 2018, alipohutubia Umoja wa Mataifa jijini New York, alikuwa amejitambulisha kwa majina mawili, Kim Namjun na RM, bila kulitupa hata moja. Hapo ndipo ninapowaambia waandishi wa nyimbo waache ile beti iliyochoka ya "leo navua barakoa mnione mimi halisi". Huyo "halisi" naye ni barakoa, tena mara nyingi ya bei ghali kuliko ya kwanza. Wimbo wa persona hupata nguvu pale msimuliaji anapohesabu alizonazo na kukubali kwamba zote zinamhitaji.

Sasa kivuli, na hapa nitakaa.

Kila unapochagua kuwa mtu fulani mbele za watu, kuna mwingine unamfungia nje. Mtoto aliyesifiwa kwa upole huificha hasira yake. Aliyesifiwa kwa nguvu huficha machozi. Vilivyofichwa havifi. Vinakaa katika sehemu ya akili tusiyoitambua, vinakua bila malezi, na hujitokeza usipotarajia: katika ndoto, katika neno lililoponyoka, katika chuki isiyoelezeka kwa mtu ambaye hajakukosea lolote. Ndicho kivuli. Ndani yake kuna uovu, ndiyo, lakini pia kuna vipaji, tamaa na uhai ambao ulikosa nafasi. Dalili yake kubwa ni kukitupia wengine. Ukitaka kuiona kazi hiyo kwa macho, nenda kwenye shughuli ambako taarabu ya mipasho imekolea, uangalie nani anainuka kwenda kutunza beti ipi, na anamtazama nani akiwa anatunza.

Mwenyewe Jung hakusalimika. Novemba 1925 aliteremka Mombasa, akapanda treni hadi Nairobi, kisha akaelekea Mlima Elgon, akakaa na wenyeji aliowaita Waelgonyi na kufanya nao mashauri kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. Aliwauliza ndoto zao. Mzee mmoja, laiboni, yaani mganga na mtabiri wao, alimjibu kwamba tangu Waingereza waje ndoto hazihitajiki tena, kwa kuwa mkuu wa wilaya anajua kila kitu. Jung aliyasikia maumivu yaliyomo katika jibu hilo na akayaandika. Lakini katika kumbukumbu hizohizo anawaeleza watu wetu kama mabaki ya utoto wa binadamu, kana kwamba Afrika ndiyo ghala la mambo ambayo Ulaya yake ilikuwa imeyasahau. Mwenye dhana ya kivuli alitutupia cha kwake. Sioni sababu ya kuitupa dhana kwa ajili hiyo. Naona ni ushahidi kwamba inafanya kazi.

Turudi kwa Suga. Interlude: Shadow ilitoka Januari 2020, na hakuna mwingine katika kundi lile aliyefaa kuuchana. Tangu 2016 alikuwa na jina la tatu, Agust D, analolitumia kwa kazi zake binafsi, na humo alikuwa ameshasema waziwazi kuhusu sonona na hofu ya kukaa mbele za watu, mambo yasiyokaa vizuri kwenye tabasamu la matangazo. Kwa hiyo kivuli chake kilikuwa na kitambulisho kabla ya albamu kupewa jina. Wimbo unaanza na tamaa bila haya: anataka kuwa nyota, anataka kuwa juu, anataka kuwa mfalme. Kisha anafika, na kule juu anaogopa. Mwanga unaommulika ukizidi, kivuli chake nacho kinarefuka. Hadi hapo ni wimbo wa kawaida wa msanii anayelalamikia umaarufu, na tunao tele.

Kinachoupandisha ni sehemu ya mwisho. Sauti inageuka, muziki unabadilika, na anayeongea sasa ni kivuli chenyewe. Hakiombi msamaha wala hakitishi. Kinamwambia kwamba wao ni mwili mmoja, kwamba watagongana mara kwa mara, na kwamba hakuna pa kukimbilia. Hakuna mapambano ya wema na ubaya, hakuna malaika wa kushuka kumwokoa. Mimi nikipewa wimbo wowote unaodai kuzungumzia upande wa giza wa mtu, kipimo changu ni hicho tu: je, huo upande umepewa maikrofoni, au umesemewa? Ukisemewa tu, mwandishi bado anajitetea.

Halafu tazama kinachofuata. Kwenye albamu, Shadow ni wimbo wa sita, na wa saba ni Black Swan, uliotangulizwa na msemo wa mcheza dansi Martha Graham kwamba mcheza dansi hufa mara mbili, na kifo cha kwanza, siku anapoacha kucheza, ndicho kinachouma zaidi. Wimbo huo ni wa msanii anayeogopa siku ambayo muziki hautamsisimua tena. Kukaa kwake hapo, naamini, si bahati. Kivuli ndicho kinachokalia nguvu nyingi za mtu. Ukikifungia kwa usalama wako, siku moja utashangaa kwa nini hata unachokipenda kimekuwa kibubu.

Kuna ufundi mwingine ambao wengi huupita. Biti za nyimbo hizi tatu si mpya. Persona imejengwa juu ya intro ya Skool Luv Affair ya Februari 2014. Shadow imechukua intro ya O!RUL8,2? ya Septemba 2013. Ego imechukua ile ya 2 Cool 4 Skool ya Juni 2013, kazi yao ya kwanza kabisa. Ona mwelekeo: kadiri hadithi inavyosonga mbele, muziki unarudi nyuma, hatua kwa hatua, hadi mlango wa kuingilia. Sigmund Freud, mwasisi wa uchanganuzi wa nafsi, aliona kurudi nyuma kwa namna hiyo kuwa hasa dalili ya ugonjwa. Jung, aliyeachana naye mwaka 1913, alisema kuna nyakati nguvu za nafsi hurudi nyuma kuchukua kilichoachwa njiani, ndipo mtu aweze kuendelea. Prodyuza aliyeupanga mfuatano huo ameliweka wazo hilo ndani ya ngoma bila kulitamka.

Ego ndiyo ninayogombana nayo. Kwa Jung, ego ni kitovu cha utambuzi tu, yule "mimi" anayeamka asubuhi akakumbuka jina lake. Kwenye ramani yake safari huanzia hapo; mwisho wake ni Nafsi nzima, inayobeba utambuzi pamoja na yale tusiyoyatambua. BTS wameiweka ego mwishoni, wimbo wa 19, na katika albamu hizi mbili Nafsi haikupata wimbo wake. Anima, sura ya kike iliyomo ndani ya mwanamume, nayo imerukwa. Mwanafunzi wangu angeniletea mchoro huo, ningeurudisha. (Jina la ukoo la J-Hope kwa herufi za Kilatini huandikwa Jung. Hawana undugu, lakini mashabiki wameshanitania vya kutosha.)

Na bado kama simulizi inasimama. Outro: Ego ni wimbo wa kuchezeka, na J-Hope anaongelea miaka yake tangu kuanza, mashaka yake, na majina yake mawili, la jukwaani na la nyumbani, kisha anaamua kujiamini na kuendelea. Baada ya kivuli kuongea, huyu "mimi" anayerudi si yuleyule aliyeanza. Ramani ya daktari na mpangilio wa albamu havilazimiki kufanana.

Isipokuwa furaha ile ilinitia shaka, na miaka miwili baadaye J-Hope mwenyewe akaleta jibu. Julai 2022 alitoa albamu yake binafsi, Jack in the Box. Inafunguka kwa kisa cha Kigiriki cha sanduku la Pandora, ambamo mabaya yote hutoka na tumaini pekee likabaki chini. Jina lake la jukwaani limetoka hukohuko. Wimbo wa kwanza alioutanguliza, More, una magitaa mazito na sauti ya kukaripia ambayo hakuwahi kuitumia akiwa na kundi. Kijana aliyefunga Map of the Soul akicheka alikuwa na kivuli ambacho hakikuchanwa na Suga, kwa sababu hakikuwa cha Suga.