Fumi dume mwenye koo lililovimba arudishwe majini

Wavuvi wengi wa Mombasa wanamjua fumi kwa mwiba wake. Mimi leo naomba tumtazame koo.

Fumi, ambaye wengine humwita hongwe, ni samaki wa bahari asiye na magamba, mwenye ndevu ndefu anazopapasia chakula kwenye tope. Mmoja wa wakubwa katika jamii hii, Netuma thalassina, aliandikwa kisayansi na Eduard Rüppell mwaka 1837 kutokana na samaki wa Massawa, Bahari ya Shamu. Huyu ni samaki mhamaji: huonekana bahari ya nje, na huingia pia midomoni mwa mito, maji ya chumvi yanapokutana na maji baridi ya mto.

Jike hutaga mayai makumi tu, makubwa kama gololi. Dume huyachukua yote kinywani na kukaa nayo wiki kadhaa bila kula, mpaka vitoto viweze kuogelea. Ukimkuta wakati huo, koo limetuna na tumbo limebonyea. Mfungue mdomo utaona mayai ya manjano yamejipanga, mengine tayari yana macho meusi yanayokutazama.

Hapo ndipo penye hofu yangu. Tewa mkubwa humwaga mayai kwa mamilioni; akivuliwa mmoja, bahari ina akiba. Fumi hana akiba hiyo. Dume mmoja akiingia kwenye wavu wa jarife, kizazi chake chote kimeingia naye, na akitikiswa huyatema mayai chomboni yakafa. Kwa hiyo mtazameni koo angali majini, kabla hamjampandisha, na mkate uzi mmuachie. Najua uzi wa jarife una gharama, lakini mayai yakishamwagika hayarudishiki.

Sasa mwiba. Anayo mitatu, mmoja mgongoni na miwili ubavuni nyuma ya mashavu, yenye meno kama msumeno na sumu juu yake. Akishtuka huikaza ikasimama wima, hata akiwa amekufa hudunga. Ukichomwa, tumbukiza mkono au mguu katika maji ya moto unayoweza kuyastahimili, yasizidi nyuzi 45, kwa dakika 30 hadi 90, kwani joto huiharibu sumu hiyo. Mwenzako ayapime kwanza kwa mkono wake mzima, maana palipochomwa huenda pamekufa ganzi. Usichanje wala kunyonya jeraha. Kisha nenda hospitali wakatoe kipande kilichobaki na kukudunga chanjo ya pepopunda, hata kama maumivu yameisha.