Je, wajua? Duka likiporwa Florida, mwenye duka anaruhusiwa kuua?

Chukulia ni usiku. Maandamano yamegeuka fujo, kioo cha duka kimepasuliwa, polisi wako mbali, na mwenye duka anayo bunduki aliyoinunua kihalali. Katika jimbo la Florida, Marekani, swali litakalomfikia baadaye mahakamani si thamani ya mali iliyokuwemo dukani. Ataulizwa: kosa ulilokuwa ukilizuia limo kwenye orodha?

Orodha yenyewe imeandikwa katika sheria za jimbo. Inataja makosa makubwa ya kutumia nguvu, yakiwemo mauaji, ubakaji, unyang'anyi, utekaji nyara, kuchoma majengo, kuvunja na kuingia, hata utekaji wa ndege. Mtu akiwa na sababu za msingi za kuamini kwamba mojawapo linakaribia kutendeka, na kwamba hakuna namna ya kulizuia isipokuwa kwa nguvu ya kuua, sheria inamruhusu kuitumia nguvu hiyo. Kosa lisipokuwemo, anaweza kumsukuma au kumkamata mtu anayeharibu mali yake, lakini si kumfyatulia risasi ya kumuua.

Zamani kulikuwa na kizuizi kingine. Mtu aliyeshambuliwa nje ya nyumba yake alitakiwa kwanza kuondoka, kama kuna njia salama. Nyumbani tu ndiko alikosamehewa kukimbia, kwa kanuni ya kale ya Kiingereza: katika kesi ya Semayne ya mwaka 1604, mahakama ilitamka kwamba nyumba ya mtu ni ngome yake. (Shina hilo limefika hata Kenya. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinaagiza nguvu ya kujilinda au kulinda mali ipimwe kwa misingi ya sheria za Uingereza zilizojengwa na mahakama.) Mwaka 2005, chini ya Gavana Jeb Bush, Florida iliitoa ngome ile nje ya mlango: popote mtu anaporuhusiwa kuwapo, maadamu yeye mwenyewe hatendi uhalifu, halazimiki kurudi nyuma. Mwaka 2017 jimbo likaongeza kwamba mshtakiwa akidai kinga hiyo kabla ya kesi, mwendesha mashtaka ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba hastahili.

Kwa hiyo kilichobaki kuwa mpaka ni ile orodha, na ndiyo maana rasimu ya mwaka 2020 ilizua kelele kubwa.

Mwezi Mei mwaka huo George Floyd aliuawa na polisi mjini Minneapolis. Maandamano yalienea nchi nzima. Mengi yalikuwa ya amani, ila katika baadhi ya miji maduka yaliporwa na kuchomwa. Septemba, Gavana Ron DeSantis wa Florida akatangaza kwamba ataleta sheria kali dhidi ya ghasia. Novemba rasimu ikafika magazetini. Ilitaka kuingiza mambo mawili kwenye orodha: uporaji, uliofafanuliwa kuwa ni kuvunja na kuingia ndani ya futi 500 (kama mita 150) kutoka kwenye mkusanyiko wenye fujo, na uharibifu wa mali unaokatiza shughuli za biashara.

Watu wengi walishtushwa na neno uporaji. Mimi naona jambo zito lilikuwa lile la pili. Kuvunja na kuingia kulikuwa kwenye orodha tayari, kwa hiyo upande huo hapakuwa na mageuzi makubwa. Lakini uharibifu wa mali unaweza kuwa kioo tu, cha duka ambalo ndani hamna mtu. Anayekipasua amekosa na anastahili kushtakiwa na kulipa. Kumweka kundi moja na muuaji na mbakaji, kiasi kwamba mtu yeyote mwenye silaha aweze kumuua na sheria imkingie kifua, ni kuushusha sana uhai wa binadamu.

Majimbo ya Marekani hayakubaliani katika hili. Texas inaruhusu nguvu ya kuua dhidi ya wizi au uharibifu wa mali unaofanyika usiku, kwa masharti, kwa mfano kwamba mali haingeweza kulindwa kwa njia nyingine. Wisconsin inakataa kabisa kuua kwa ajili ya mali peke yake. Ndiyo sababu kijana wa miaka 17 aliyewapiga risasi watu watatu mjini Kenosha, jimboni humo, Agosti 2020, akaua wawili, hakujitetea kwa hoja ya kulinda biashara, ingawa alisema ndiyo iliyompeleka pale. Alidai alikuwa akiokoa maisha yake, na Novemba 2021 akaachiwa huru.

Sheria ya Florida ilitiwa saini Aprili 19, 2021. Ile nyongeza ya kwenye orodha haikuwemo. Kilichopita ni adhabu kali zaidi: mtu anayeshiriki ghasia pamoja na wengine 25 au zaidi anaweza kufungwa hadi miaka 15, na anayekamatwa kwa ghasia hapati dhamana mpaka afikishwe mbele ya jaji. Pia, mtu akidaiwa fidia kwa kumjeruhi au kumuua mwingine, anaweza kujitetea kwamba aliyeumia alikuwa akishiriki ghasia, ilimradi jambo hilo lithibitishwe.

Lakini nani anashiriki ghasia? Septemba 2021 Jaji Mark Walker wa mahakama ya shirikisho alizuia kwa muda tafsiri ya neno hilo. Aliona haieleweki kama inamgusa pia mtu aliyekuja na bango lake, akasimama kwa amani huku wengine wakianza vurugu. Mahakama ya Juu ya Florida ilijibu Juni 2024 kwamba mtu huyo haguswi. Majaji walitumia karibu miaka mitatu, wakiwa na mawakili pande zote, kulifikia jibu hilo. Rasimu ya 2020 ingemwachia mwenye duka atambue gizani, kwa sekunde chache, nani kapasua kioo na nani alikuwa anapita.