Kosa la nidhamu na kosa la jinai skuli: polisi aitwe lini?

Kosa la nidhamu ni kuvunja kanuni za skuli: kuchelewa, kutoroka kipindi, kumjibu mwalimu jeuri. Hilo ni la mwalimu mkuu, mwalimu wa nidhamu, kamati ya skuli na mzazi. Kosa la jinai limo katika sheria ya nchi, na hilo ndilo la polisi.

Taabu ni kwamba tendo moja huweza kuingia kote kuwili. Ngumi ya uwanjani ni utovu wa nidhamu, na anayetaka anaweza kuiita shambulio. Niliwahi kumkuta mtoto wa miaka 13 kwenye benchi la kituo kimoja cha polisi huku Pemba, yumo ndani ya sare ya skuli, vifungo viwili vya shati kavifumbata kiganjani. Kapigana na mwenziwe kwenye foleni ya mfereji. Aliletwa "atishwe kidogo". Kila askari alipopita mbele yake, mtoto alikunja miguu. Mtoto kama huyo akija kufanyiwa ubaya na mtu mzima, nani atamshawishi aingie tena mlango ule?

Na polisi si tawi la skuli. Elimu ya skuli Zanzibar iko chini ya Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali. Jeshi la Polisi ni jambo la Muungano, na askari hapokei amri kwa mwalimu mkuu. Jalada likishafunguliwa, mwalimu hawezi kusema "tumeshamsamehe" likafungika kwa kauli yake. Ndiyo maana Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Na. 6 ya 2011, inayomhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa ni mtoto, ikaweka Mahakama ya Watoto na kumpa afisa ustawi wa jamii nafasi katika kesi zao.

Marekani walipita njia nyengine. Sheria yao ya 1994 ilitaka mwanafunzi aliyeleta bunduki skuli afukuzwe si chini ya mwaka mmoja. Ukali ule ukaenea hadi kwenye ugomvi na utukutu wa kawaida, askari wakawekwa kwenye korido za skuli, na watoto wakakamatwa kwa mambo ambayo zamani yangeishia ofisini kwa mwalimu.

Sisi huku tunakosea zaidi upande wa pili, na hapa ndipo roho inaponiuma. Mtoto akidhalilishwa, yaani akifanyiwa ubaya wa kingono, wakubwa hukaa kitako kwa muhali: huyu ni jamaa, yule ni mwalimu mwenzetu, tusitoane aibu. Mtuhumiwa anahamishwa skuli, basi. Udhalilishaji si kosa la nidhamu hata siku moja, na kamati ya skuli haina uwezo wa kuusuluhisha, hata wazazi wawe wameridhia.

Hapo polisi aitwe siku ile ile. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, ina Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambapo daktari, polisi na mshauri nasaha hukutikana pahala pamoja ili mtoto asisimulie mkasa wake mlango kwa mlango. Apelekwe kabla ya kukogeshwa, na nguo alizokuwa kavaa zisifuliwe.