ER, PR na HER2: herufi tatu kwenye majibu ya kinyama

Mtu akichukuliwa kinyama kwenye titi, yaani kipande kidogo cha nyama cha kupimwa maabara, majibu yakirudi jicho hutafuta neno moja tu: saratani ipo au haipo. Kama ipo, karatasi hukunjwa na kuwekwa kwenye mkoba. Sasa chini ya karatasi hiyo kuna mistari mitatu mifupi, ER, PR na HER2, kila mmoja na jibu lake, chanya au hasi. Watu huiruka, nayo ndiyo itakayoamua dawa gani zitumike kwa miaka kadhaa ijayo.

Kwanza tuondoe hofu moja. Uvimbe mwingi wa titi si saratani. Msichana wa miaka 20 akigusa kitu cha mviringo, kigumu kiasi, kinachokimbia kidole, mara nyingi ni fibroadenoma, uvimbe usio na madhara ambao pengine hauhitaji hata kukatwa. Wengine huwa na vifuko vya maji tu. Ila vidole havitoshi kuamua, hata vya daktari bingwa. Kazi hiyo ni ya ultrasaundi au mamografia (picha ya eksirei ya titi), na mwisho wa ubishi ni sindano ya kuchukua kinyama.

Ikithibitika kuwa saratani, maabara huieleza kwa njia kadhaa. Nyingi huanzia kwenye mirija ya maziwa, chache kwenye vijifuko vinavyotengeneza maziwa. Kisha kuna daraja, yaani seli zimeharibika kiasi gani zikitazamwa kwa hadubini, kuanzia 1 hadi 3. Na kuna hatua, yaani ugonjwa umefika wapi mwilini, kuanzia 1 hadi 4. Haya mawili huchanganywa sana. Mtu anasoma "daraja la 3" anaenda nyumbani kuaga watoto, kumbe uvimbe wake ni mdogo, haujatoka kwenye titi, na bado yuko hatua ya 1.

Turudi kwenye herufi. Mwaka 1896 George Beatson, daktari wa upasuaji mjini Glasgow, alichapisha taarifa ya wanawake wenye saratani ya titi iliyosambaa ambao aliwatoa ovari. Baadhi yao uvimbe ulisinyaa. Hakuweza kueleza sababu, maana homoni ya estrojeni ilikuwa haijagunduliwa. Miongo mingi baadaye mtafiti Elwood Jensen, huko Chicago, alionyesha kwamba seli zinazoitikia estrojeni zina protini maalumu ya kuinasa. Protini hiyo ndiyo kipokezi. Saratani yenye vipokezi vya estrojeni (ER) au projesteroni (PR) hutumia homoni za mwili kukua, na ukizikatiza unaidhoofisha. Duniani kundi hili ndilo kubwa, karibu wagonjwa 70 katika kila 100.

Dawa yake maarufu ni tamoksifeni, ambayo ilianza kama jaribio la dawa ya kuzuia mimba miaka ya 1960 na ikashindwa kazi hiyo. Ni kidonge cha kumeza kila siku, kwa kawaida miaka 5, wengine hadi 10. Kwa mwenye ER chanya, miaka 5 ya kidonge hicho hupunguza uwezekano wa kufa kwa saratani hiyo kwa karibu theluthi moja katika miaka 15 ya kwanza. Ni dawa ya bei nafuu, na kwa maoni yangu ndiyo inayodharauliwa kuliko zote, kwa kuwa haionekani nzito kama dripu. Wengi huiacha mara joto la ghafla linapoanza kuwasumbua, au wanapojiona wamepona. Waliokwisha koma hedhi mara nyingi hupewa anastrozoli au letrozoli, zinazozuia estrojeni isitengenezwe.

HER2 ni hadithi nyingine. Ni kipokezi cha kichocheo cha ukuaji. Baadhi ya saratani, kama 15 hadi 20 katika kila 100, zinacho kupita kiasi. Mwaka 1987 mtafiti Dennis Slamon na wenzake walionyesha kwamba saratani hizo zilikuwa kali zaidi. Mwaka 1998 Marekani ikaidhinisha trastuzumabu, kingamwili inayolenga HER2 yenyewe, na kundi lililoogopwa sana likapata nafuu kubwa. Kwa HER2 maabara huandika 0, 1+, 2+ au 3+. Jibu la 3+ ni chanya. 2+ halijakata shauri, linahitaji kipimo cha jeni. Tangu 2015 trastuzumabu imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu, ingawa kuwa kwenye orodha na kuwa kwenye famasi ya hospitali ni mambo mawili.

Yote matatu yakiwa hasi, huitwa hasi-tatu. Vidonge vya homoni na trastuzumabu haviisaidii, hivyo nguzo ni kemotherapi, mara nyingi kabla ya upasuaji, pamoja na upasuaji na mionzi inapohitajika. Huwapata zaidi wanawake wenye umri mdogo na wenye hitilafu ya jeni ya BRCA1, ambayo mtafiti Mary-Claire King alionyesha mwaka 1990 kuwa iko kwenye kromosomu ya 17. Ipo zaidi pia kwa wanawake wenye asili ya Afrika Magharibi. Hapo ndipo wengi hukosea na kusema saratani ya Mwafrika ni hasi-tatu. Watafiti walipolinganisha wagonjwa wa Ghana na wa Ethiopia, wa Ethiopia walikuwa nayo kwa kiwango cha chini sana. Bara hili ni kubwa.

Tena kuna uhasi wa uongo. Kinyama kikikaa mezani muda mrefu kabla ya kutiwa kwenye fomalini, dawa ya kukihifadhi, vipokezi huharibika na kipimo husoma hasi. Utaratibu ni kukitia ndani ya saa moja, kwenye fomalini ya asilimia 10, kikae saa 6 hadi 72. Hospitali ya wilaya inayotuma sampuli kwa basi hadi mjini inajua ugumu wa sharti hilo. Gharama yake ni mwanamke kunyimwa tamoksifeni ambayo ingemfaa. Kwa hiyo majibu yakija hasi yote matatu, na sampuli ilisafiri mbali, si utovu wa adabu kumwuliza daktari: "Kinyama kilihifadhiwaje, na kipimo kinaweza kurudiwa?"

Na mwanamume? Asilimia 0.5 hadi 1 ya wagonjwa ni wanaume, na karibu wote huwa ER chanya.